Miche ya nyanya imelala usiku kucha kwenye gari la baridi, sasa haieleweki. Wajuzi wa mimea njooni

NyanyaNyanguge (mleta uzi)
Habari za muda huu wakuu. Naomba wenye ujuzi watangulie, wanaokuja kunicheka wasubiri ukurasa wa pili.

Niliagiza miche ya nyanya kutoka kitalu kimoja Arusha, trei za mashimo 200, ikaja na gari la samaki lililokuwa linarudi Mwanza. Haya magari mnayajua: yanapeleka minofu ya sangara, yakirudi yanatafuta chochote cha kupakia. Safari hii dereva alikuwa na karoti na epo za mteja mwingine, kwa hiyo mashine ya baridi hakuizima. Miche imepakiwa saa kumi na moja jioni, imeshuka Kisesa saa moja asubuhi. Nafungua mlango, kile kidude cha kuonyesha joto kinasoma 4.

Cha kushangaza, imetoka mizima. Kijani, imesimama wima, haina hata doa. Nikaipeleka shamba Nyanguge, nikaipanga juani ipate joto. Kufika saa tano imelala yote, na udongo wa trei umelowa kabisa, nimeuchokonoa kwa kidole. Jioni ikainuka. Kesho yake saa tano ikalala tena. Leo majani mapana yameanza mabaka meupe katikati ya mishipa, kama yamemwagiwa jivu.

Dereva anasema karoti zake ziko fiti na epo ziko fiti, kwa hiyo tatizo ni miche yangu. Sasa hapo baridi imeua nini? Niipande au niitupe?

Ngosha_Halisi
Pole sana mkuu. Mimi si mtaalamu, nimekuja na kigoda changu kusubiri majibu.

MbishiWaIgoma
Baridi ya usiku mmoja haiui mmea. Arusha kwenyewe Julai watu wanavaa makoti na nyanya wanavuna. Hapo umeuziwa miche yenye mnyauko wa bakteria. Kata shina, lichomeke kwenye glasi ya maji safi, tulia kidogo uangalie. Likichuruzika uzi mweupe wa utelezi, umepigwa.

NyanyaNyanguge
Mbishi, nimekata mashina matatu. Maji yamebaki safi kabisa, hakuna uzi wala utelezi.

FundiBarafu
Mimi natengeneza mashine za baridi, samaki na mboga. Nisemee upande wangu. Samaki mbichi anataka kati ya 0 na 4. Karoti, kabichi na epo zinapenda hapo hapo karibu na sifuri. Nyanya, tango, bilinganya, bamia na ndizi ni watu wengine kabisa. Ndizi ukiishusha chini ya 13 ganda linakuwa la kijivu na haiivi vizuri, na nyanya nayo tunaiseti 12 au 13. Dereva hajadanganya kuhusu karoti zake. Tatizo ni kuchanganya mizigo miwili ambayo haiwezi kulala chumba kimoja. Kwa nini iko hivyo, hilo waulizeni wasomi.

Panda_Mbegu
Nimeuona huu uzi nikashindwa kupita. Nimekaa maabara za mimea miaka kadhaa, na hii habari ya baridi na saa ya mmea ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nitaandika kwa mafungu, mnivumilie.

Kwanza, NyanyaNyanguge, toa hiyo miche juani sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Weka chini ya wavu wa kivuli au chini ya mwembe, siku mbili tatu. Maji asubuhi, yasiwe ya baridi. Mbolea ya kukuzia usiguse. Nikimaliza nitakueleza sababu.

Sasa jambo lenyewe. Kila seli ya mmea ina saa. Siyo kwamba mmea unaona jua limetoka ndipo unafanya kazi. Ndani ya seli kuna jeni zinazowashana na kuzimana kwa mzunguko wa karibu saa 24. Zilizochunguzwa zaidi ni za Arabidopsis thaliana, kajimea kadogo ka ukoo wa kabichi ambako ndiko mmea wa kwanza kusomwa DNA yake yote, mwaka 2000. Alfajiri zinawaka jeni mbili, CCA1 na LHY. Protini zake zinaikandamiza nyingine inayoitwa TOC1. Kadiri siku inavyokwenda zile za alfajiri zinapungua, TOC1 inapata nafasi, inapanda jioni, nayo inazikandamiza zile za alfajiri. Usiku unavyosonga TOC1 inashuka, na kabla hakujapambazuka CCA1 na LHY zinaanza kupanda tena. Kuna nyingine nyingi katikati, PRR9, PRR7, PRR5, ELF3, GI, lakini mkiishika hiyo duara mmeshika uti wa mgongo.

Duara hilo halizunguki kwa ajili yake lenyewe. Katika Arabidopsis takriban theluthi ya jeni zote zinapanda na kushuka kwa kufuata hiyo saa. Jeni za kunasa mwanga zinaandaliwa kabla jua halijatoka. Za kumeng'enya wanga uliohifadhiwa zinafanya kazi usiku, na kwa kipimo, ili wanga uishe karibu na mapambazuko. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walikuza mimea ambayo saa yake ya ndani inalingana na mchana na usiku wa nje, na mingine isiyolingana. Iliyolingana ilikuwa na kijani zaidi, ikanasa kaboni zaidi, ikakua zaidi.

MbishiWaIgoma
Mkuu Panda, hapo umeniacha. Mmea hauna ubongo, hauna macho, saa utaitoa wapi? Jua likitoka unaamka, likizama unalala. Hiyo inatosha kueleza kila kitu bila kuongeza saa.

Panda_Mbegu
Kwanza mimi ni dada, siyo mkuu 😄. Swali lako liliulizwa kabla yetu sote. Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, mtaalamu wa sayansi ya nyota kwa kazi yake, aliufungia gizani mmea wa aina ya kifauongo. Ukaendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku bila kuliona jua. Baadaye, 1832, mtaalamu wa mimea de Candolle akagundua kwamba bila mchana na usiku wa nje mzunguko wa kifauongo hauwi saa 24 kamili, unakuwa mfupi, saa 22 au 23. Hilo ndilo linalomaliza ubishi. Kama ungekuwa unafuata ishara fulani ya nje iliyojificha, ungekwenda na saa 24 za dunia. Ukikosea kidogo kila siku, maana yake unahesabu mwenyewe.

TichaMstaafu
Shikamooni kwa wanaostahili, marahaba kwa wengine. Nilifundisha baiolojia sekondari huku Magu. Hamna haja ya kwenda Ufaransa ya 1729. Chukua karanga. Jani la karanga lina vijani vinne, jioni vinakutana viwili viwili vinafumbana, asubuhi vinaachana. Otesha kwenye kopo, jioni lifungie kabatini kusikopenya mwanga, asubuhi fungua mlango ghafla kabla mwanga haujafanya kazi. Wanafunzi wangu wote walikuta majani yamekwisha kufunguka. Mkwaju nao unafumba usiku, ila mkwaju hauingii kabatini.

MbishiWaIgoma
Ticha marahaba, yaani shikamoo. Karanga ninazo nyuma ya nyumba. Nitafunga moja kwenye ndoo leo leo. Nisipoona kitu narudi hapa.

Panda_Mbegu
Rudi hata ukiona, Mbishi.

Naendelea. Baridi sasa. Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: saa inaamua baridi itapokelewaje, halafu baridi nayo inaichezea saa. Nianze na la kwanza.

Arabidopsis ukiihamishia kwenye nyuzi 4, ndani ya dakika 15 tu kuna jeni zinazowaka, zinaitwa CBF1, CBF2 na CBF3. Hizi ni jeni za kuamrisha. Protini zake zinakwenda kushika sehemu fulani ya DNA mbele ya jeni nyingine nyingi na kuziwasha, na hizo ndizo zinazotengeneza vitu vya kulinda utando wa seli, sukari za kinga na kadhalika. Siku chache za baridi isiyo kali, na kale kajimea kanaweza kuvumilia barafu ambayo wiki iliyopita ingekaua. Kazi kubwa ya CBF ilifanywa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kwa Michael Thomashow.

Mwaka 2005 maabara hiyo hiyo ikauliza kitu rahisi: baridi ile ile, kwa muda ule ule, lakini ikipiga saa tofauti, CBF zitawaka sawa? Hazikuwaka sawa hata kidogo. Wanasayansi hawa wanahesabu saa kuanzia taa zinapowaka, yaani mapambazuko ni sifuri. Baridi ikipiga saa nne baada ya mapambazuko CBF zinaruka juu kabisa. Ikipiga saa kumi na sita baada ya mapambazuko zinawaka kwa kiwango cha chini kabisa. Kwa hesabu yetu ni saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wangezaliwa huku wasingehitaji kufundishwa kuhesabu hivyo.

Na walipotumia mimea ambayo CCA1 imelazimishwa kuwaka muda wote, yaani saa yake imevurugwa, tofauti ya asubuhi na usiku ikapotea. Baadaye, 2011, ikaonekana kwamba CCA1 na LHY zenyewe zinashika DNA ya CBF na kuzisukuma juu. Kwa hiyo saa ni mlinzi wa lango. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba ukipaza sauti alfajiri kwamba dagaa wamefika, watu watakukanyaga. Paza sauti ile ile usiku wa manane, atakuitikia mlinzi na mbwa wake.

Ngosha_Halisi
😂😂 Na mlinzi mwenyewe atakuuliza kibali.

DadaWaSokoni
Dada Panda endelea tu mama, tuko hapa. Mimi nauza nyanya Kirumba, nina swali langu la friji lakini nasubiri umalize.

Panda_Mbegu
La pili ndilo la miche ya Nyanguge.

Nyanya siyo Arabidopsis. Asili yake ni Amerika ya Kusini upande wa magharibi, Peru na Ekwado, ikaja kulimwa hadi Meksiko. Ni mmea wa joto. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Susan Martino-Catt na Donald Ort, walipima kwenye nyanya jinsi jeni zinazofuata saa zinavyosomwa. Mojawapo ni ya protini inayonasa mwanga, nyingine ya kimeng'enya kinachoiamsha rubisko, ile inayonasa hewa ya ukaa. Wakaiweka nyanya kwenye baridi kisha wakairudisha kwenye joto. Walichokuta: saa ilisimama. Haikuchelewa kidogo, haikupoteza dira. Ilisimama pale ilipokamatwa na baridi, na joto liliporudi ikaendelea kutoka pale pale.

Fikiri hiyo miche. Imepakiwa saa kumi na moja jioni. Baridi imeikamata, labda saa moja ya usiku kwa sababu sanduku la gari halipoi mara moja. Imeshushwa saa moja asubuhi. Kwa dunia ni asubuhi, kwa mche bado ni jana usiku mbichi. Jeni ambazo zilipaswa kupanda kuelekea alfajiri hazijapanda. Halafu umeianika juani.

Mwaka 1998 maabara ya Ort ikaonyesha kwamba mkorogo huo unafika hadi kwenye vimeng'enya vyenyewe: cha kutengeneza sukari ya kusafirisha, na cha kushughulikia nitrati. Vyote viwili vinaendelea na mzunguko wao lakini kwa ratiba iliyosogea. Ndiyo maana nilisema mbolea usiguse. Hata ukimwaga nitrojeni, anayetakiwa kuipokea bado hajaripoti kazini.

Yale mabaka meupe ni mwanga. Jani linanasa jua kama kawaida lakini mitambo ya kulitumia haijawa tayari, nguvu ya ziada inaunguza ndani. Kulala saa tano ni mizizi: ikipigwa baridi inavuta maji kwa shida, na huku juu majani yanapoteza maji kwa jua. Kwa hiyo udongo unakuwa umelowa na mche una kiu.

NyanyaNyanguge
Aisee. Imeshaingia chini ya mwembe tangu jana ulivyoandika. Leo saa tano imeinama kidogo lakini haikulala. Dada swali: hiyo saa itarudi yenyewe au ndiyo imeharibika moja kwa moja?

Panda_Mbegu
Itarudi. Mapambazuko ndiyo yanayoiseti, kila siku, hata kwa mmea mzima kabisa. Siku chache za asubuhi na jioni za kawaida zinaisogeza hadi inakaa sawa. Usiogope saa, angalia kilele. Mche ambao kichipukizi cha juu ni kijani na kinatoa jani jipya, panda. Ambao kilele kimekuwa cheusi au kimelainika, tupa, usiuonee huruma. Majani yenye mabaka hayatapona, lakini hayo siyo yatakayokulisha.

MbishiWaIgoma
Nimerudi. Nilifunika mche wa karanga kwa ndoo, juu nikaweka gunia na jiwe. Nimeamka jua halijatoka, nimefunua na tochi ya simu. Majani yamefunguka tayari. Sawa, saa ipo. Lakini sijaisha. Mwanza usiku wa Julai unashuka, mchana unapanda hadi 28 huko. Kitu chochote cha kemia kikipata joto kinakwenda haraka. Sasa hiyo saa ya protini si ingekimbia mchana na kutambaa usiku? Mbona isipotee kila siku?

TichaMstaafu
Huyu ndiye mwanafunzi niliyekuwa namtaka darasani. Asiyekubali haraka.

Panda_Mbegu
Swali zuri kuliko yote kwenye huu uzi, na watu wamelifanyia kazi miaka mingi. Kwa kawaida mmenyuko wa kemia ukiongezewa nyuzi 10 kasi yake inakwenda karibu mara mbili. Saa ya mmea haifanyi hivyo. Arabidopsis imepimwa kati ya 12 na 27 na mzunguko unabaki karibu saa 24. Ndani yake kuna jeni zinazosawazisha: joto likipanda upande mmoja wa duara unakaza, na upande mwingine nao unakaza kwa kiasi kinachofidia. GI ni mojawapo ya zinazohusika.

Na ona hiyo 12 hadi 27. Mwanza inaishi karibu na hapo mwaka mzima, kwa sababu tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ziwa linatutunza usiku. Huku kwetu nyanya shambani haikutani na baridi ya kusimamisha saa. Inakutana nayo kwenye magari na majokofu tu.

Ukishuka chini ya hapo hata Arabidopsis inayumba. Kwenye nyuzi 4, mchana na usiku vikiendelea, jeni za saa zinazunguka kwa unyonge, kilele kinakuwa kifupi. Ukiiwashia taa bila kuzima huku baridi ikiendelea, nyingi zinaacha kuzunguka kabisa. Kuna jambo jingine linalotokea ambalo mimi hulipenda. Jeni ikisomwa, nakala yake ya RNA inakatwa na kuunganishwa kabla ya kutengenezewa protini. Baridi inabadilisha mahali pa kukata. Nakala za LHY, kwa mfano, nyingi zinakatwa vibaya kwenye baridi na hazileti protini inayofanya kazi. Jeni imewaka, ukipima utasema mambo safi, kumbe kinachotoka ni takataka. Hili lilichapishwa 2012 na watu wa Glasgow.

FundiBarafu
Kwa hiyo jeni inaweza kuwa imewaka na bado hakuna kazi? Kama mita ya umeme inasoma, na taa haziwaki.

Panda_Mbegu
Eeh. Ndiyo maana siku hizi hawaishii kupima RNA tu.

MbishiWaIgoma
Na walijuaje yote hayo? Huwezi kuchungulia ndani ya seli kila saa usiku na mchana bila kulala.

Panda_Mbegu
Kwa kimulimuli, Mbishi. Walichukua jeni ya kimulimuli inayotoa mwanga, wakaiunganisha na swichi ya jeni ya mmea inayofuata saa, wakairudisha kwenye Arabidopsis. Jeni ikiwaka mche unang'aa kwa mwanga hafifu sana, kamera nyeti inahesabu. Usiku na mchana bila mtu kukesha. Mwaka 1995 Andrew Millar, Steve Kay na wenzao walipitia maelfu ya miche iliyobadilishwa DNA wakitafuta inayong'aa kwa ratiba ya ajabu. Wakaupata mmoja wenye siku ya takriban saa 21. Hiyo ndiyo TOC1 iliyoharibika.

DadaWaSokoni
Sasa zamu yangu. Nyanya zikibaki jioni kuna jirani ana friji la vinywaji, huwa nampa azitunze, namlipa kidogo. Asubuhi zina sura nzuri, ngumu, lakini wateja wangu wa zamani wanalalamika hazina ladha, wanasema nawauzia maji. Mmoja mama ntilie kanihama kabisa. Ni friji au ni mbegu za siku hizi?

Panda_Mbegu
Mbegu zina dhambi zao, lakini hapo friji halina pa kujificha.

Tunda likichumwa halijafa. Linaendelea kusoma jeni zake. Harufu ya nyanya, ambayo ndiyo nusu ya ladha, inatengenezwa na vimeng'enya vinavyotakiwa kutengenezwa upya muda wote. Mwaka 2016 timu ya Harry Klee wa Chuo Kikuu cha Florida pamoja na wenzao ilitoa matokeo: nyanya zilikaa siku 7 kwenye nyuzi 5, zikatolewa, zikaachwa kwenye joto la kawaida. Sukari na uchachu havikubadilika sana. Vitu vya harufu vilishuka kweli kweli. Jeni nyingi za kuivisha na za harufu zilizimwa na baridi, na baadhi hazikurudi vizuri hata nyanya ilipopata joto. Walipochungulia DNA wakakuta alama za kemikali zimeongezeka kwenye swichi za jeni hizo, alama ambazo kawaida hufutwa nyanya inapoiva.

Wewe unaweka usiku mmoja, siyo siku 7, kwa hiyo madhara ni madogo. Ila zinazobaki zinarudi friji tena kesho, na keshokutwa. Zile za mwisho ndizo anazozila mama ntilie wako.

DadaWaSokoni
Ndiyo, zinazobaki zinarudi. Ningefanyaje sasa? Nikiziacha kizimbani panya nao wapo.

FundiBarafu
Dada, friji la vinywaji limesetiwa 3 au 4. Ukipata lenye kidhibiti kinachofika 12 au 13, sawa. Kama hakuna, tenga zilizoiva kabisa uziuze bei ya jioni, na zinazoelekea kuiva weka kwenye kreti lenye tundu, sakafu ya saruji, wavu wa waya juu kwa ajili ya panya. Usiku wa Mwanza unatosha. Kabichi na karoti ndizo umpelekee jirani.

Panda_Mbegu
Nakubaliana na Fundi. Na kwa kuwa umetaja kabichi: Chuo Kikuu cha Rice kule Houston walionyesha 2013 kwamba kabichi iliyokwisha kuvunwa bado inaweza kusetiwa saa. Waliiweka kwenye mwanga na giza kwa zamu, ikarudi kupandisha na kushusha kemikali zake za kujilinda kwa mzunguko wa siku. Walipowapa viwavi, kabichi iliyokuwa kwenye ratiba moja na viwavi iliharibiwa kidogo kuliko ile iliyopishana nao.

KisiwaniUkerewe
Mwadila bhabha na bhamayu. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nami nina la kabichi, linaweza kuwa linahusu. Nimelima kabichi misimu mingi huku kisiwani. Inafunga vizuri, navuna. Niliacha vichwa kadhaa shambani nikitaka zitoe maua nipate mbegu zangu, maana mbegu ya dukani bei imekaa vibaya. Zilikaa, zikapasuka, zikaoza, ua hakuna. Mbolea niliongeza, maji niliongeza, nikapunguza. Kuna mtu ananiambia kampuni za mbegu zinaweka kitu ili zisizae.

Ngosha_Halisi
Hiyo ya kampuni nimeisikia pia. Wanasema wanazihasi.

Panda_Mbegu
Hapana, hakuna aliyezihasi. Wanachokosa Ukerewe ni baridi, na hapa baridi inafanya kazi tofauti kabisa na yote tuliyosema.

Kabichi inahitaji wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 10 hivi, na ikiwa imeshakuwa mmea mkubwa, ndipo ikubali kutoa ua. Ndugu yake Arabidopsis ametueleza kwa nini. Kuna jeni inaitwa FLC ambayo kazi yake ni kuzuia ua. Ikiwa imewaka, mmea unatoa majani tu. Wiki za baridi zinaizima polepole, seli moja moja. Katika kila seli FLC inakuwa ama imewaka ama imezimwa, hakuna nusu. Kadiri baridi inavyorefuka ndivyo seli nyingi zaidi zinavyozimwa. Na ikishazimwa inabaki imezimwa hata joto likirudi, hata seli ikigawanyika mara nyingi, kwa sababu DNA ya eneo hilo imefungwa kwa protini maalumu. Kizazi kipya kwenye mbegu kinafunguliwa upya, kinaanza na zuio lake. Kazi hii imefanywa sana Norwich, Uingereza, na Caroline Dean na wenzake. Kabichi ina jeni za ukoo huo huo.

Kwa hiyo kabichi yako imekaa Ukerewe inasubiri kipupwe ambacho hakiji. Usiku wa ziwani haufiki chini ya 10, na hata siku moja ikitokea, siku moja haitoshi.

KisiwaniUkerewe
Wabeja sana dada. Yaani nimegombana na mbolea bure. Na nikiweka mmea kwenye friji hizo wiki?

FundiBarafu
Umeme wa wiki zote hizo utanunua mbegu za miaka mitatu, kaka.

TichaMstaafu
Na sukuma wiki je? Yule naye ni kabichi tu asiyefunga. Huku nyumbani sijawahi kuona ua lake, tunachomeka machipukizi ya shina yanashika.

Panda_Mbegu
Ni spishi moja na kabichi, Ticha, na mnachofanya ndicho sahihi. Machipukizi hayahitaji ua wala baridi. KisiwaniUkerewe, ukitaka mboga ya kujitolea mbegu mwenyewe hapo kisiwani, chukua chainizi. Yeye haoni taabu kutoa maua kwenye joto letu, mara nyingi anatoa kabla hujataka. Acha mimea kadhaa iliyo na afya, siyo mmoja, kwa sababu inategemea nyuki wabebe chavua kutoka mmea mwingine. Maganda yakianza kuwa ya njano kata shina zima, tundika mahali pakavu juu ya gunia kabla hayajapasuka yenyewe. Mbegu ya kabichi nunua.